Volti Nne Juu ya Volti Laki Moja

Mnamo mwaka 1900, daktari aliyetaka kupiga picha ya eksirei hakuanza na mgonjwa. Alianza na mkono wake mwenyewe. Aliwasha tyubu, akaweka kiganja mbele ya kioo kilichopakwa dawa ya kung'aa, akaitazama mifupa ya vidole vyake. Ikionekana myeusi tii na nyama nayo ikatia kivuli, alijua tyubu ni laini, miale yake haina nguvu ya kupenya. Ikionekana ya kijivu, kama inayotaka kutoweka, tyubu ilikuwa ngumu kupita kiasi. Akarekebisha, akatazama tena. Wagonjwa walibadilika, mkono ukabaki uleule. Baada ya miezi au miaka ngozi ilianza kuwa nyekundu, ikapasuka, vidonda vikakataa kufunga, mwisho ikaja saratani. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mkono mmoja, kisha vidole vya mkono wa pili, kisha mikono yote, na bado akafariki mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 39. Edison aliyaacha kabisa mambo ya eksirei. Mwaka uliofuata akafa Elizabeth Fleischman, mpiga picha hodari wa San Francisco. Mnara uliojengwa Hamburg mwaka 1936 kuwakumbuka watu wa aina hii una majina zaidi ya 150.

Tumezoea kuambiwa kwamba hawakuijua hatari. Kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo ni kweli. Lakini wengi waliendelea hata baada ya kuijua, kwa sababu tyubu zile hazikuwa na njia nyingine ya kupimwa, na hazikuwa na mahali pa kuzishikia ili kuziongoza.

Tyubu aliyoitumia Wilhelm Röntgen kule Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na karibu zote zilizofuata kwa miaka 18, ilikuwa chupa ya kioo iliyonyonywa hewa, lakini si hewa yote. Kile kidogo kilichobaki ndicho kilichofanya kazi. Volti makumi ya maelfu zilizipasua chembe za gesi hiyo, vipande vyenye chaji chanya vikakimbilia kathodi na kuigonga, kathodi ikatema elektroni, nazo zikaruka hadi kwenye ukuta wa kioo, au kwenye tyubu za baadaye hadi kwenye bamba la metali lililowekwa mbele yake, na kuzalisha eksirei. Kwa hiyo wingi wa miale, nguvu yake ya kupenya na shinikizo la gesi vilifungwa pamoja. Ukigusa kimoja, vyote vinatikisika. Na gesi yenyewe haikutulia. Kadiri tyubu ilivyotumika, gesi ilizama kwenye kuta za kioo na kwenye metali, tyubu ikadai volti nyingi zaidi na zaidi, hadi siku ambayo cheche ilipita nje ya kioo badala ya ndani.

Mafundi walibuni tiba za kila namna. Wengine waliipasha tyubu moto kwa taa ya spiriti ili gesi iliyozama itoke. Wengine waliunganisha pembeni kijichupa chenye makaa, kikipata joto kinatema gesi kidogo. Mfaransa Paul Villard alitumia kijibomba cha palladiamu: ukikichoma kwa mwali, hidrojeni inapenya metali hiyo na kuingia ndani. Hospitali iliyojiweza iliweka rafu nzima ya tyubu, kila moja na tabia zake, na fundi aliyezijua tabia hizo aliheshimiwa kuliko mashine.

Jibu lilikuwa limeshaonekana kabla ya Röntgen kuona chochote, ndani ya balbu ya taa, na aliyeliona hakujua alifanyie nini. Mwaka 1880, kule Menlo Park, Edison alisumbuliwa na balbu zake za uzi wa kaboni zilizokuwa zikipata weusi kwa ndani, isipokuwa mstari mmoja mweupe, mithili ya kivuli cha mguu mmoja wa uzi. Kuna kitu kilikuwa kinaruka kutoka kwenye uzi. Aliweka kibamba cha metali ndani ya balbu, akakiunganisha na upande chanya wa umeme kupitia kipimo, na sindano ikacheza: mkondo ulikuwa unapita mahali pasipo na waya. Alipokiunganisha na upande hasi, kimya. Hataza aliyopewa mwaka 1884 inaonyesha aliona jambo jingine pia, nalo ndilo linalotuhusu. Volteji ya taa ilipopanda kidogo tu, mkondo ule wa angani uliongezeka mno. Edison akapendekeza utumike kama kipimo cha kuchungulia volteji ya mtambo wa umeme. Aliuona unyeti huo kama faida. Waliokuja baada yake walipaswa kuishi nao kama adha.

Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kule Cambridge kwamba kinachoruka ndani ya ombwe ni chembe, ambazo leo tunaziita elektroni. Miaka minne baadaye kijana wa chuo hichohicho, Owen Richardson, aliandika kanuni ya jinsi metali ya moto inavyozitema. Kanuni hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1928. Inasema kwamba elektroni hazipandi sambamba na joto, zinapaa. Chukua uzi wa tungsteni uliofika Kelvini 2,400. Uongeze joto kwa asilimia 1 tu, na elektroni zinazotoka zinaongezeka kwa robo hivi. Ukihesabu kwa mkondo unaoupasha uzi huo, ongezeko la asilimia 5 linakaribia kuzifanya elektroni kuwa maradufu. Yeyote aliyewahi kuweka uzi wa moto ndani ya ombwe na kuupigia volti nyingi amekutana na hesabu hii, hata kama hajawahi kumsikia Richardson. Unagusa kidogo, sindano ya miliampea inaruka. Unarudisha kidogo, inazama.

Mwaka 1904 Ambrose Fleming, aliyewahi kuwa mshauri wa kampuni ya Edison jijini London, alizitoa kabatini balbu zake za zamani zenye kibamba na kuzifanya kipokezi cha mawimbi ya redio. Lee de Forest akaongeza waya wa tatu mwaka 1906. Lakini kwenye eksirei wataalamu walisitasita, na sababu yao ilikuwa na heshima yake: wengi waliamini kwamba uzi wa moto hautoi elektroni zenyewe, bali gesi iliyouzunguka ndiyo inayosaidia. Ukiondoa gesi yote, walisema, mkondo nao utakufa. Tyubu yenye ombwe kamili ingekuwa chupa tupu.

Mtu aliyekuja kuumaliza ubishi huo kwa vitendo hakuwa mtu wa eksirei kwa kazi. William David Coolidge alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1873 karibu na mji mdogo wa Hudson, Massachusetts, akasoma MIT, akachukua udaktari wake Leipzig mwaka 1899, na mwaka 1905 akajiunga na maabara ya General Electric mjini Schenectady. Alipewa kazi ya taa. Uzi wa kaboni ulikuwa unakula umeme bure, na kila mtu alijua kwamba tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye sentigredi zaidi ya 3,400, ingewaka kwa mwanga mweupe zaidi. Tatizo ni kwamba tungsteni haikuvutika kuwa waya. Ukiikunja inakatika. Coolidge alihangaika nayo kwa miaka kadhaa hadi akapata mwenendo uliokuwa kinyume na mazoea ya wahunzi: aliipasha moto na kuigonga, kila hatua kwa joto pungufu kidogo kuliko ya kabla yake, kisha akaivuta kupitia matundu ya almasi, mpaka ikafika hali ya kukunjika hata ikiwa baridi. Ilipofika mwaka 1911 balbu za waya huo zilikuwa sokoni. Mwaka 1928 mahakama ya rufaa ya Marekani iliibatilisha hataza ya kampuni, ikisema kunyumbulika ni sifa ya asili ya tungsteni yenyewe. Yeyote aliyewahi kuona tungsteni ya kabla ya Coolidge ikikatika mkononi angekuwa na neno la kuwaambia majaji hao.

Katika maabara hiyohiyo, Irving Langmuir, aliyefika mwaka 1909, alikuwa anachunguza kwa nini balbu huzeeka. Alinyonya hewa kuliko alivyowahi kunyonya mtu mwingine, akaonyesha kwamba uzi wa tungsteni hutema elektroni hata gesi isipokuwepo, na kwamba hesabu za Richardson zinafuatwa vizuri zaidi pale ombwe linapokuwa safi. Coolidge aliyasikia hayo kwa kuvuka ukumbi tu. Alikuwa na waya, jirani yake alikuwa na ombwe, na alishaanza kutengeneza vibamba vya tungsteni kwa ajili ya tyubu za eksirei.

Makala yake ilitoka kwenye jarida la Physical Review mwezi Desemba 1913. Ukiisoma leo inashangaza kwa udogo wa vitu vyake. Uzi ulikuwa waya wa unene wa milimita 0.216 na urefu wa milimita 33.4, uliozungushwa ukawa duara bapa. Ulipashwa moto na betri ndogo, kwa mkondo ulioweza kurekebishwa kati ya ampea 3 na 5. Volteji kwenye ncha zake ilikuwa kati ya 1.8 na 4.6, na joto lake kati ya Kelvini 1,890 na 2,540. Ukizidisha, kazi yote ya uzi huo kwenye kilele ni wati 23. Lakini wati 23 hizo zilitawala kila kitu. Kwa kuwa hapakuwa na gesi, elektroni zilitoka kwenye uzi tu, na idadi yake iliamuliwa na joto la uzi tu. Mkondo wa uzi ukaamua wingi wa eksirei. Volti za transfoma kubwa zikaamua nguvu yake ya kupenya. Yale mambo mawili ambayo kwa miaka 18 yalikuwa yamekwamana yalitengana, na kila moja likapata mahali pake pa kushikia. Mwezi huohuo Dkt. Lewis Gregory Cole wa New York, ambaye alikuwa ameshaifunga tyubu ya kwanza kliniki kwake, aliwaalika wenzake kwenye chakula cha jioni hotelini ili waione ikifanya kazi. Hakuna aliyehitaji tena kuweka mkono mbele yake.

Mambo yangeishia hapo kwa shangwe kama si jambo moja ambalo hadi leo linawatoa jasho wanaojenga vifaa hivi. Uzi ndio kathodi. Kathodi ndiyo inayopokea volti laki moja, au nusu yake ikiwa mtambo umegawanywa pande mbili. Kwa hiyo betri iliyoungwa kwenye uzi nayo iko kwenye volti hizohizo. Na waya zake, na ampea-mita yake, na kizuizi cha kurekebishia mkondo. Kati ya ncha mbili za uzi kuna volti nne, za kuchezea mtoto. Kati ya uzi na sakafu kuna mauti. Mtu anayenyoosha mkono kurekebisha zile volti nne anaushika mtambo mzima.

Ndiyo maana vyumba vya eksirei vya miaka hiyo ya mwanzo vilionekana kama jiko la mchawi. Betri ilikaa juu ya meza yenye miguu ya kioo au kaure, mbali na ukuta. Ampea-mita ilisomwa kwa mbali. Kizuizi kiligeuzwa kwa fimbo ndefu ya mbao kavu iliyopita hadi nyuma ya kinga ya risasi alikosimama mwendeshaji. Mbao ikipata unyevu, mwendeshaji alijulishwa. Jioni mtambo ukizimwa, betri ilishushwa na kwenda kuchajiwa.

Suluhisho lililokuja kutawala lilikuwa transfoma ya uzi, na kwangu mimi ndilo wazo zuri kuliko yote katika kisa hiki kwa sababu halikudai sayansi mpya. Transfoma ina koili mbili zisizogusana. Kinachovuka kati yake ni sumaku. Funga koili ya chini kwenye umeme wa kawaida wa nyumba. Funga koili ya juu kwenye uzi. Kisha zitenganishe kwa mafuta, kaure na nafasi ya kutosha, kiasi kwamba volti laki moja zisipate njia ya kuruka kutoka moja hadi nyingine. Sasa mkono unaweza kurudi nyumbani. Hurekebishi tena ampea 5 zilizo juu angani. Unarekebisha sehemu ndogo ya ampea moja iliyo upande wako, upande wa ardhi, kwa kizuizi cha kawaida ukutani, na uzi unatii.

Ila unatii pamoja na kila aliye kwenye laini. Umeme wa jengo ukishuka kwa sababu lifti imeanza kupanda, uzi unapoa. Mbaya zaidi, transfoma kubwa ya volti nyingi ilikuwa inakula umeme kwenye laini ileile: unapobonyeza kupiga picha, laini inalegea, uzi unapoa kidogo, na kwa hesabu ya Richardson ile "kidogo" inaondoa sehemu kubwa ya miale wakati uleule unapoihitaji. William Kearsley, mwenzake Coolidge pale Schenectady, alitengeneza kifaa cha kutuliza hali hiyo: sumaku iliyopitiwa na mkondo wa tyubu yenyewe, ikitikisa kiunganishi kilichokuwa kikiingiza na kutoa kizuizi kwenye laini ya transfoma ya uzi. Mkondo ukizidi, kizuizi kinaingia, ukipungua, kinatoka. Kilikuwa kinanguruma, lakini kilishika. Baadaye, mwaka 1938, Joseph Sola wa Chicago alikuja na transfoma ambayo chuma chake huachwa kishibe sumaku makusudi, ili volteji inayotoka isiyumbe hata inayoingia ikiyumba. Transfoma za namna hiyo zilifungwa kwenye mashine nyingi za hospitali.

Kabla ya hapo, vita vya 1914 vilikuwa vimezipeleka eksirei matopeni. Marie Curie alifunga mitambo ya eksirei kwenye magari, dainamo ikizungushwa na injini ya gari lenyewe, naye akajifunza kuendesha. Wamarekani walipoingia vitani Coolidge aliwatengenezea tyubu ndogo ya jeshi iliyokuwa na mapezi ya metali nje ya kuipoza anodi. Sababu ya mapezi inafurahisha: anodi ikipata moto sana nayo huanza kutema elektroni, na tyubu inapitisha umeme kinyume. Ikiwa baridi, tyubu inajichujia yenyewe mkondo wa kwenda na kurudi, na unaokoa mtambo mzima wa kuchujia. Unyeti wa Richardson, safari hii, ulitumika kwa kuzuia moto upande ambao haukutakiwa.

Si watu wa hospitali peke yao waliokuwa na haja ya uzi wa moto. Kule Cambridge, katika maabara ya Cavendish chini ya Ernest Rutherford, John Cockcroft na Ernest Walton walitaka kuvunja kiini cha atomi kwa volti walizojitengenezea wenyewe. Maabara ilikuwa maarufu kwa ubahili, na mtambo wao ungeweza kuwa wa gereji. Mitungi ya kioo ilikuwa ya aina iliyotumika kwenye pampu za petroli, maungio yakazibwa kwa plastisini, na pampu za hewa hazikupumzika kwa sababu lazima kulikuwa na mahali panapovuja. Mitungi hiyo ilikuwa na nyuzi za tungsteni za kuchujia mkondo, na hapo lile tatizo la Coolidge liliongezeka ghorofa kwa ghorofa: kila uzi ulikaa kwenye volti yake, na kila mmoja ulihitaji chanzo cha joto kilichotengwa na vingine vyote. Mtambo ulifika hadi volti laki saba hivi. Tarehe 14 Aprili 1932 Walton alitambaa hadi kwenye kibanda chenye kuta za risasi chini ya tyubu, akazima taa, akaona vimulimuli vya viini vya lithiamu vikivunjika. Tuzo yao ya Nobel ilikuja mwaka 1951.

Kufikia mwaka huo wa 1932 uzi wenyewe ulikuwa umeshachunguzwa kuliko karibu kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu. Mwaka 1927 Langmuir na Howard Jones walichapisha majedwali ya waya wa tungsteni: kwa kila kiwango cha joto, ukinzani wake, mwanga wake, elektroni zake na kasi yake ya kugeuka mvuke. Majedwali hayo bado yanatumika. Yanaeleza pia ubishi usioisha kati ya wajenzi: je, uzi upewe volteji isiyobadilika au mkondo usiobadilika? Mkondo usiobadilika unavutia, maana wakati wa kuwasha unauokoa uzi baridi, ambao ukinzani wake ni mdogo mno na ungeweza kuvuta ampea mara kumi na zaidi. Lakini uzi unapozeeka unakonda, na ukikonda ukinzani unapanda. Ukiushikilia kwenye mkondo uleule, wati zinaongezeka, moto unazidi, unakonda haraka zaidi, na mwisho wake unakaribia kwa kasi. Ukiushikilia kwenye volteji ileile, wati zinapungua na uzi unafifia kizee. Kwenye tyubu kubwa za redio zenye uzi wa tungsteni, kushusha volteji ya uzi kwa asilimia 5 kulijulikana kuwa kunakaribia kuongeza umri wake maradufu. Wahandisi wa stesheni za redio waliijua hesabu hiyo kwa moyo, kwani tyubu moja ilikuwa na bei ya kuuma.

Baada ya vita vya pili, volti nyingi ziliingia sebuleni. Televisheni ilihitaji volti 15,000 hivi kwa picha nyeusi na nyeupe, na kama 25,000 kwa picha ya rangi, na volti hizo zilichujwa na tyubu ndogo yenye uzi wa moto. Uzi huo nao ulikuwa umekaa kileleni mwa volti 15,000. Hakuna aliyetaka kulipia transfoma ya mafuta ndani ya kabati la televisheni. Wabunifu wakafanya jambo la kijasiri: walichukua waya wenye ganda nene, wakauzungusha mara moja tu kwenye chuma cha transfoma ileile iliyozalisha volti kubwa, na mzunguko huo mmoja ukaupasha uzi. Tyubu ya Marekani iliyoitwa 1B3GT ilihitaji volti 1.25 na ampea 0.2, yaani robo ya wati. Lakini utajuaje kama uzi unapata kiasi chake? Umeme wenyewe unapiga zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde, kwa mipigo isiyo na umbo la kawaida, juu ya volti ambazo zingeiunguza mita. Wahandisi walirudi kwenye jicho. Waliweka tyubu ya pili ya aina hiyohiyo pembeni, wakaupasha uzi wake kwa betri na kuupima, kisha wakalinganisha wekundu wa nyuzi mbili gizani.

Televisheni ilipoingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi tangu siku ya kwanza, tyubu nyingi za kuchujia zilikuwa zinaondoka, lakini uzi wa tyubu ya picha ulibaki. Fundi yeyote mzee wa Kariakoo au wa River Road anaijua tiba ya kioo kilichofifia au kilichoshoti kati ya uzi na kathodi: waya wenye ganda, mzunguko mmoja au miwili kwenye flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa ya televisheni, na uzi unapata umeme wake pekee, uliotengwa. Ni ujanja uleule wa wabunifu wa miaka ya 1940. Picha hurudi, kwa muda.

Kuna upande ambao wachache tu waliutazama kwa makini hadi mwaka 1967. Uzi wa moto, ombwe, volti 25,000 na bamba la metali: ukiviweka hivyo pamoja umetengeneza tyubu ya Coolidge, hata kama kwenye boksi pameandikwa kitu kingine. Mwezi Mei mwaka huo General Electric ilitangaza kwamba televisheni zake kubwa za rangi, makumi ya maelfu, zilikuwa zinatoa eksirei kupita kiwango. Chanzo kilikuwa tyubu ya kutuliza volteji, na mwale ulielekea chini, sakafuni. Maofisa wa afya wa Marekani waliwashauri watu wakae futi 6 kutoka kwenye kioo. Tarehe 18 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme, na kiwango kilichowekwa kwa televisheni kikawa miliröntgen 0.5 kwa saa, sentimita 5 kutoka kwenye kifaa.

Kwa wale wanaojenga vifaa vya volti kubwa nyumbani, tukio hilo lilikuwa onyo lililochelewa. Desturi yao ni ya zamani kama eksirei zenyewe; mwaka 1896 mitambo mingi ilikuwa ya kujitengenezea. Mwaka 1956 safu ya wapenzi wa sayansi katika jarida la Scientific American ilieleza namna mtu wa kawaida alivyopata eksirei kutoka kwenye tyubu kuukuu ya redio, jambo ambalo hakuna mhariri angethubutu kulichapisha leo. Wengine walijenga jenereta za Van de Graaff, wakaweka betri za tochi ndani ya kichwa cha juu ili kuupasha uzi, wakarudi kwenye hali ya 1913 kabisa, maana hakuna waya unaoweza kupanda huko bila kuiangusha volteji. Waliobahatika walinunua transfoma za uzi zilizotupwa na hospitali au jeshi. Waliokosa walizungusha zao wenyewe kwenye ringi ya feraiti, koili ya juu ikiwa waya wa ganda la silikoni uliopitishwa katikati bila kugusa chochote, na kuziendesha kwa masafa ya juu ili feraiti ndogo itoshe. Mkondo wanaupima upande wa ardhi. Wenye fedha wanausoma upande wa juu na kuteremsha habari kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, ambazo hazina waya wa kupitisha mauti.

Coolidge alikuwa hai muda mwingi wa hayo. Alikuwa na miaka 94 sheria ya televisheni ilipotiwa saini, akafariki tarehe 3 Februari 1975 akiwa na miaka 101. Kwenye televisheni kazi ya kuchuja ilikuwa inahamia kwenye diodi za silikoni zisizo na uzi wala moto. Hospitalini uzi haukuondoka. Mashine ya CT inayozunguka leo kumzunguka mgonjwa ina tyubu yenye uzi wa tungsteni, unaokula ampea chache zilezile, na kompyuta inayorekebisha mkondo huo inakaa upande wa ardhi.